Jiwe la Jumamosi

Kwenye mlango wa chumba namba kumi na nne kulikuwa na kikapu, na kikapu hicho nusura kimvue suruali mkuu wa chuo. Alikuja na wageni kutoka Delhi, kavimba kama kawaida yake, na Profesa Kaumudi Bohra akamwambia kwa upole wote, "Mkanda, bwana. Kifungo chake ni cha chuma." Mkuu akacheka, akidhani ni mzaha. Madam hakucheka. Basi bwana mkubwa akavua mkanda, akautia kikapuni pamoja na saa, funguo, simu na vibanio vya nywele vya watu, akaingia ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akawa anawaonyesha wageni mitambo ambayo hakujua hata mmoja unafanya nini. Mimi niligeukia ukutani, mabega yananicheza.

Naitwa Mangilal Suthar. Sisi akina Suthar ni maseremala tangu enzi za babu wa babu, na ndivyo nilivyoingia chuoni hapa Jodhpur, kurekebisha madawati. Madam ndiye aliyenitoa kwenye madawati. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtengenezea masanduku yasiyo na msumari hata mmoja, na mafundi watatu walikuwa wameshamwambia haiwezekani. Nikamwambia, mbona babu yangu alijenga milango maisha yake yote na msumari hakuwahi kuushika? Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita. Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu sikukiacha chumba kile.

Kazi yake ilikuwa na pande mbili, na mimi niliona hazihusiani kabisa: vitu vidogo mno na vitu vya mbali mno. Asubuhi aliwafundisha wanafunzi habari za chembe za sumaku ambazo hakuna jicho linaloweza kuziona. Mchana alikata vimondo na kuzungumza habari za asteroidi, hivyo vimwamba vinavyolizunguka jua huko mbali, kana kwamba ni mashamba ya mjomba wake. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Madam, hilo vumbi lako la sumaku na mawe ya mbinguni, wapi na wapi?"

"Ng'oa unywele," akasema.

"Wangu?"

"Kwani una wa nani?"

Nikang'oa, na zilikuwa zimeshaanza kuwa chache. Akauweka chini ya taa. "Panga chembe elfu moja kwenye mstari, ndipo zitaenea upana wa unywele huu. Kila chembe ni sumaku kamili, ina kaskazini yake na kusini yake. Sasa, ndani ya vimondo zimo chembe za namna hiyo hiyo. Jiwe lilipokuwa la moto, ziligeukageuka ovyo. Lilipopoa, kila moja ikaelekea kwenye sumaku iliyokuwepo huko kwao, ikaganda hivyo hivyo. Haijageuka tena."

"Tangu lini?"

"Miaka bilioni nne na nusu."

"Madam, mimi sikumbuki jana nilikula nini."

"Ndiyo maana hatukupimi wewe, Mangilalji."

Swali lake lilikuwa moja tu, na lilimla miaka kumi na tisa. Dunia yetu ina sumaku yake kwa sababu ndani kabisa kuna chuma kinachochemka. Je, kimwamba kidogo cha angani, ambacho ungekikata kwa gari siku moja ukafika upande wa pili kabla ya chakula cha jioni, nacho kiliwahi kuwa na moyo wa moto? Alitaka kujua hilo tu. Mimi nilianza kwa kumcheka kimoyomoyo, nikaishia kulala nikiliwaza. Mke wangu akiniuliza nina nini, namwambia nawaza asteroidi. Aliwahi kumwita dada yake aje kunitazama.

Ugomvi wa Madam ulikuwa na sumaku za mkononi. Kumbukumbu ya jiwe ni dhaifu mno. Iguse kwa sumaku ya kawaida mara moja tu, chembe zote zinageukia sumaku hiyo, na ya kale yanafutika, hayarudi. Na kila mtu anayeokota kimondo, kila mfanyabiashara, kila msakaji, kitu cha kwanza anachofanya ni kukigusisha sumaku aone kama ni cha kweli! Ni sawa na kumpiga mtu rungu kichwani halafu umwulize anaitwa nani. Tulipima mawe arobaini na moja. Yote yalikuwa yameshapigwa rungu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Madam hakupenda litajwe. Alipoanza kazi, kabla hajaingia kwenye habari za kumbukumbu, alizunguka shule za mkoa wetu wa Marwar akigawa sumaku. Mia tatu. Vipini niliviunda mimi, vya mbao, nikavipaka rangi nyekundu, na kila kimoja kilikuwa na karatasi yenye jina la Madam na maneno haya: "Ukiokota jiwe jeusi na zito, liguse kwa sumaku hii. Likinasa, mwambie mwalimu wako." Baadaye akajua alichokifanya. Akaacha kugawa, lakini zilizokwisha kwenda hakuzifuata. Alisema atawaandikia walimu. Nikamkumbusha mara mbili, mara ya tatu nikaona haya. Vimondo haviangukii watu kila wiki, tukajisahaulisha.

Kikaanguka. Ilikuwa Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa tano, na jua tayari linachoma. Mlio ulisikika mpaka sokoni kwetu, watu wakadhani ni ndege za jeshi. Jioni habari zikaja kwamba mawe yamemwagika kijiji cha Bhakarsar, kilomita tisini upande wa magharibi. Madam alikuwa amebakiza siku arobaini astaafu. Mkuu wa chuo alikuwa ameshatuma mtu kupima kuta za chumba namba kumi na nne, mabati yake ya pekee yanayozuia sumaku ya dunia yang'olewe, wafanye ukumbi wa mikutano. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Lilihitajika jiwe moja ambalo halijaguswa, ndani ya siku arobaini. Akilikosa, angeondoka na swali lake kama alivyokuja.

Jumatatu alfajiri niliendesha gari la chuo huku Madam ananihimiza kama nambeba mgonjwa. Tulimkuta mwalimu mkuu, Guruji Hadmanaram, ametupangia wanafunzi mistari miwili uwanjani, na katikati pametandikwa shuka jeupe. Mawe ishirini na matatu! Meusi, maganda yake yanang'aa kama chungu kilichoungua. Nikahesabu mara mbili. Kisha nikaona mikono ya watoto. Kila mmoja ameshika kipini chekundu.

"Madam!" Guruji alikuwa anatokwa jasho la furaha. "Yote yamenasa! Tumeyagusa kila moja mara tatu, tupate uhakika. Hizi sumaku zako tumezitunza miaka yote, hata moja haijapotea."

Nilimtazama Madam. Sijawahi kuona mtu akitabasamu huku anaumia namna ile. "Mmefanya vizuri," akawaambia watoto. "Mmefuata maagizo barabara." Halafu akaomba maji ya kunywa, akaenda nyuma ya tangi la maji, akalia huko. Nilijua kwa sababu nilimfuata. Na vipini si nimeviunda kwa mikono yangu hii?

"Nilikuwa na mwaka mzima wa kuwaandikia," akasema. "Nini mwaka, miaka kumi na tisa. Barua moja, Mangilalji."

Tukarudi uwanjani. Guruji alikuwa anajikuna shingo. "Kuna dosari moja, Madam. Jiwe la ishirini na nne liko kwa Dhapu, yule bibi wa nyumba ya mwisho. Tulikwenda na sumaku, akatufukuza kwa fimbo. Mambo ya kizamani, anasema ni la Zohali. Samahani sana."

Madam akamshika mkono, jambo ambalo si kawaida yake. "Hamkuligusa kabisa?"

"Hata kidogo. Samahani sana, Madam."

"Usiombe samahani, Guruji. Tafadhali, usiombe samahani."

Dhapu alikuwa mwembamba, mrefu, na fimbo yenyewe hakuwa ameiweka mbali. Alitukaribisha mtindi uani, maana mgeni ni mgeni hata kama anakuudhi, akatueleza huku amemkazia macho Guruji. Jumamosi ile alikuwa anapanga mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Kitu kikalia hewani, kikapiga lundo, puu! Akafukua, akatoa jiwe jeusi, zito kama chuma. Sasa, huku kwetu Zohali ni nyota na mungu wa nuksi, Jumamosi ni siku yake, na chuma ni mali yake. Jumamosi hata pini mtu haingizi nyumbani. Na hiki kimetoka mbinguni chenyewe! Basi hakukiingiza ndani. Alikitia kwenye chungu cha udongo chenye makapi ya uwele, akakifunika, akakiweka pembeni ya ua. Halafu akaondoa mundu, ndoo na minyororo ya ng'ombe, akavipeleka kwa jirani.

"Kwa nini ukaviondoa, Maasa?" Madam akauliza. Huku kwetu ndivyo tunavyomwita mama wa heshima.

"Chuma kisije kikaita ndugu zake. Mmoja wa Zohali ananitosha."

Madam akanigeukia, akaninong'oneza, "Hakuna chuo kilichowahi kulitunza jiwe hivi."

Akaliomba. Dhapu akakataa. Akaomba kuliazima. Dhapu akakataa. Cha Zohali hakiuzwi, hakiazimwi, na Jumatatu hakiguswi. Kitatolewa sadaka Jumamosi kwa mtu wa Zohali, yule anayepita kila wiki na ndoo ya chuma yenye mafuta ya haradali na sanamu ya chuma ndani, watu wakitumbukiza walichonacho. Nilimwona Madam anaiwaza ndoo ile, na jiwe linavyodumbukia, tumbwi, kwenye chuma.

"Na mimi je?" akasema. "Nikija Jumamosi mimi?"

Dhapu akacheka mpaka akajishika mbavu, akamwita Baisa, yaani dada wa heshima. "Wewe, Baisa? Bohra mzima, Brahmin wa tabaka la juu? Upokee sadaka ya Zohali?"

Haikuwa mzaha. Kila mtu huku anajua kwamba anayeipokea sadaka hiyo hupokea na nuksi ya mtoaji. Ndiyo maana watu wanaijua kazi hiyo kuwa ya ukoo mmoja, na akina Bohra wakimwona mtu wa ndoo anakuja hupita upande wa pili wa barabara. Njiani kurudi nikamwambia tumwone afisa wa wilaya, atume polisi walichukue, amri itolewe yaishe.

"Polisi watalichukua kwa mikono gani?" akasema. "Wana bunduki, pingu, vifungo vya mikanda." Akanyamaza kidogo. "Halafu ni lake, Mangilalji. Limeangukia kwake, na amelitunza kuliko mimi ningelitunza."

Sijui nani alipeleka maneno mjini. Siku mbili baadaye shemeji yake alimpigia simu, nami nikiwa hapo hapo nasugua sanduku, nikasikia kila neno. "Kaumudi! Marehemu mama yako angefufuka ili afe tena! Profesa mzima ukaombe sadaka ya nuksi mlangoni kwa watu?" Madam akajibu kwamba mama aliomba mengi zaidi mlangoni kwa watu ili yeye asome, akakata simu.

Jumamosi tulianzia shuleni. Madam akasimama mbele ya watoto, akawaambia kosa ni lake, si lao wala la Guruji, akawaeleza jiwe linavyokumbuka na linavyosahau. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo sisi tumeyasahaulisha yote ishirini na matatu?" Madam akasema, "Mimi ndiye niliyeyasahaulisha. Nilitumia mikono yenu." Guruji aliinamisha kichwa. Kisha nikapita na gunia nikikusanya sumaku, na watoto walinipa kama wanaong'olewa meno.

Kwa Dhapu, nusu ya kijiji ilikuwa imeshajaa nje ya ua. Hata mtu wa Zohali mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye jiwe na ndoo yake, uso umemkunjamana. "Siku hizi kila mtu anaingilia kazi za watu," alimwambia kila aliyetaka kusikia. Gunia nililiacha mbali, chini ya ukuta wa jirani. Madam alisimama nje ya kizingiti, miguu mitupu juu ya mchanga unaochoma, hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Alikuwa ameshika bakuli la shaba.

"Ndoo ya chuma iko wapi?" Dhapu akauliza. "Sadaka hii haipokelewi kwa shaba."

"Maasa, chuma kitalisahaulisha."

"Kitalisahaulisha nini?"

"Kwao."

Dhapu akamtazama. "Lina muda gani?"

"Miaka bilioni nne na nusu."

"Hizo ni nyingi?"

"Ni nyingi kuliko kitu chochote utakachowahi kukigusa."

"Na bado linakumbuka kwao?"

"Ndicho ninachotaka kukijua kabla sijaondoka kazini. Sitaki kingine."

Bibi akaitazama njia ya kutokea kijijini. Kisha akasema, na alikuwa hasemi na sisi tena, "Khemo, mwanangu, yuko Maskati. Mwaka wa pili huu hajapiga simu kwa Guruji kuniulizia. Yuko hai, wenzake wanamwona, anakula, anacheka. Kupiga tu ndiko hapigi."

Akaingia ndani, akatoka na mafuta ya haradali, akayamimina kwenye bakuli la Madam mpaka yakatulia. Akainama, akautazama uso wake ndani ya mafuta, muda mrefu, kama desturi inavyotaka. "Hii ndiyo nuksi yangu," akasema. "Unaipokea?"

"Naipokea," Madam akasema.

Mwanamke mmoja nyuma yangu aliguna kwa huruma. Dhapu akaleta chungu chenyewe, makapi na yote, akamkabidhi mikononi.

Madam akaendesha gari mwenyewe kurudi Jodhpur, chungu kimefungwa kwenye kiti cha nyuma ndani ya sanduku langu lisilo na msumari. Mimi nilirudi kwa basi, nimekumbatia gunia la sumaku, na kila mwenye sarafu au bangili ya chuma aliyepita karibu yangu alinitukana.

Tulilikata jiwe kwa waya wa shaba na mchanga laini, polepole, siku tano. Tukapata vipande vinane, kila kimoja kama punje ya dengu. Kuvipima kulichukua wiki tatu, maana kila kipande kinapunguzwa sumaku yake hatua kwa hatua, mara hamsini na zaidi, ili yale makelele ya juu juu yaondoke na ya zamani yasikike. Madam alikonda. Tulipima pia kipande kimoja cha shuleni, kwa ajili ya kulinganisha. Kilipiga kelele kama harusi, chote kimeelekea alikosimama mtoto na kipini chekundu.

Zilipobaki siku mbili akaniita. Karatasi ilikuwa na mishale minane, midogo, dhaifu, ambayo ungedhani ni kosa la kalamu. Yote minane ilielekea upande mmoja.

Akakaa sakafuni, profesa mzima, akaegemea mguu wa meza. "Kulikuwa na moto ndani, Mangilalji. Kitu kidogo vile, na kilikuwa na moto wake."

"Na sasa?"

"Ulizima zamani. Lakini limekumbuka." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. Mimi nilikwenda kuchemsha chai.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa na maua mengi na hotuba ya mkuu wa chuo, mkanda wake safari hii umekaza. Kesho yake mabati ya chumba namba kumi na nne yakaanza kung'olewa. Sikutaka kuona, nikachukua kikapu nikaenda nacho nyumbani.

Jumamosi ya kwanza ya kustaafu kwake nilimpelekea pilipili za kukaanga anazozipenda. Nilimkuta kwenye kibaraza, simu mkononi, miwani puani, na mbele yake karatasi yenye namba za simu, nyingi zimekatwa kwa mstari.

"Madam, ni kazi gani tena hii?"

"Wenzake Khemo wa huko Maskati. Kila mmoja ananielekeza kwa mwingine. Hii ni ya kumi na nne."

"Lakini wewe huamini mambo ya nuksi."

"Nilisema naamini? Nilisema naipokea." Akabonyeza namba, akaniashiria ninyamaze.

Ikaita sana. Kisha mwanamume akaitikia, nyuma yake kelele za nyundo.

"Wewe ni Khemaram, mwana wa Dhapu wa Bhakarsar?" Madam akauliza. "Mimi si polisi, tulia. Mimi ni mwalimu. Mama yako alinipa sadaka ya Jumamosi, na shida yake sasa ni yangu. Shida yenyewe ni wewe." Yule akaanza kusema kazi, muda, mkataba. Madam akamkata kauli. "Sikiliza, mwanangu. Nina jiwe hapa. Limekumbuka kwao miaka bilioni nne na nusu. Wewe miwili imekushinda?"

Nyundo tu. Nikadhani amekata. Madam hakuishusha simu, alikaa anasikiliza vile vile alivyokuwa akisikiliza mitambo yake.

Kisha sauti ikarudi, ndogo, ya mtoto kabisa.

"Magoti yake bado yanamsumbua?"

"Muulize mwenyewe," Madam akasema, akaanza kumsomea namba ya Guruji.